Umewekewa bega bandia: namna ya kuurudisha mkono kazini

Swali ambalo watu waliobadilishwa bega huuliza kabla hata ya kushuka kitandani ni kama kifaa kipya kitahimili. Kifaa chenyewe mara nyingi si cha kukitilia shaka. Cha kuchungwa ni kano ya mbele ya bega, ile ambayo daktari aliikata ili apate njia ya kuingia, halafu akaishona tena kwenye mfupa kabla ya kufunga. Kano hiyo huchukua wiki sita hivi kushika, na kama miezi mitatu kabla haijaanza kuaminika kwa kazi. Maumivu huisha mapema zaidi ya hapo, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa: wiki ya nne bega limetulia, mtu anajiona amepona, anainama na kunyanyua ndoo.

Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu zimepangwa kwa kalenda ya kano, si kwa jinsi unavyojisikia asubuhi. Nimemfikiria mtu aliyepasuliwa Dar es Salaam, Nairobi au India, amerudi nyumbani na karatasi ya Kiingereza yenye picha za mazoezi, na mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu naye yuko mwendo wa daladala mbili. Karatasi ya daktari wako ikipingana na maneno yangu, fuata karatasi. Yeye ndiye aliyeiona kano yako kwa macho.

Jua kwanza ni bega la aina gani

Bega la asili ni tufe la mfupa wa mkono lililokaa kwenye kisahani kidogo cha mfupa wa bapa, ule mfupa mpana wa mgongoni. Kisahani ni kidogo mno kuliko tufe, kwa hiyo kinacholizuia tufe lisiteleze ni misuli minne midogo inayolikumbatia pande zote, na juu yao msuli mkubwa wa deltoidi, ule unaolipa bega umbo la duara.

Ukiwekewa bega bandia la kawaida, tufe la chuma linachukua nafasi ya tufe la mfupa, na kisahani cha plastiki kinawekwa mahali pa kile cha asili. Bega la namna hii linategemea ile misuli minne iwe mizima. Aina ya pili ni bega la kugeuzwa. Mwaka 1985 daktari Mfaransa Paul Grammont, wa mji wa Dijon, alitengeneza bega lililopindua mpangilio: tufe likahamia kwenye bapa, kisahani kikahamia mkononi. Kwa mpangilio huo deltoidi peke yake inaweza kuuinua mkono hata kama ile misuli minne imechanika na kukauka. Ndiyo maana wazee wengi, na wengi waliovunjika vibaya bega, huwekewa hilo la kugeuzwa.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu, kwa sababu kila bega lina adui yake. Bega la kawaida adui yake ni kuuzungusha mkono kwenda nje kupita kiasi, na kuusukuma kwa nguvu kwenda ndani kuelekea tumboni. Kote kuwili unaivuta ile kano ya mbele, ya msuli unaoitwa subskapularisi. Bega la kugeuzwa adui yake ni mkono kwenda nyuma ya mwili: kuchomekea shati kwa nyuma, kujitawaza kwa mkono huo, kujiinua kitini huku kiwiko kikiwa nyuma ya mgongo. Katika mkao huo bega hilo linaweza kuchomoka. Tahadhari ya mkao huo ni ya wiki 12, si sita.

Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, au hata sasa kwa simu, pata majibu ya haya na uyaandike:

- Bega langu ni la kawaida au la kugeuzwa?
- Kano ya mbele ilishonwa? Na kano ya msuli wa mbele wa mkono, wa kukunja kiwiko, iliguswa?
- Nivae silingi (kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni) wiki ngapi?
- Mkono uruhusiwe kuzunguka kwenda nje digrii ngapi, na kwa wiki ngapi?
- Kama nilivunjika, vipande vya mfupa vilifungwa? (Vikifungwa, kila kitu kinakwenda polepole zaidi.)

Mtu asiye na majibu haya anafanya mazoezi gizani, na mtaalamu anayemhudumia naye yuko gizani.

Wiki mbili za mwanzo: kulilinda na kuutunza mkono uliobaki

Usiku wa kwanza mkono unaweza kuwa na ganzi kabisa, kwa sababu madaktari wengi huzuia mishipa ya fahamu ya shingoni kwa sindano. Ganzi hiyo huisha baada ya saa 12 hadi 24 hivi, na maumivu huingia yote kwa pamoja. Usingoje yaingie. Meza dawa kwa saa ulizopangiwa kuanzia jioni ile ile, hata kama husikii kitu. Baadaye, utakapoanza mazoezi, meza nusu saa kabla. Barafu husaidia sana siku za mwanzo: ifunge kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, ila kamwe si juu ya ngozi yenye ganzi.

Kulala ndiyo kero kubwa kuliko zote, na haisemwi vya kutosha hospitalini. Kulala bapa huliacha bega lining'inie kwa nyuma. Jiegemeze kwenye mito mitatu minne au kwenye kochi, mwili ukiwa umeinuka kiasi, na weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya mkono wenyewe, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Kipimo ni hiki: ukilala chali, bila kuinua kichwa, lazima ukione kiwiko chako. Usipokiona, kimeshuka nyuma, ongeza kanga. Utalala hivyo kwa wiki nyingi, na upande uliopasuliwa usiulalie.

Silingi huvaliwa usiku na mchana, huvuliwa kwa kuoga, kuvaa na mazoezi tu. Kwa joto la pwani ngozi ya kwapa huchubuka upesi. Inama mbele taratibu, mkono uning'inie wenyewe kama unavyoning'inia, kisha pitisha kitambaa chenye maji na sabuni kwapani, ufute pakauke, uweke kipande cha kanga safi ya pamba kati ya mkono na ubavu. Usinyanyue mkono ili uoshe kwapa. Kidonda kisiloe hadi daktari aseme.

Kuvaa nako kuna utaratibu: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Shati la vifungo mbele, dera pana, kanga ya kujifunga kifuani. Sidiria ya kufunga nyuma iweke kando kwa sasa.

Mazoezi ya kipindi hiki ni madogo, na kwa udogo wake watu huyapuuza. Kila saa ukiwa macho, kunja na kunjua ngumi mara kumi; kizungushe kifundo cha mkono. Mara tatu kwa siku toa mkono kwenye silingi, ukiwa umekaa na kiwiko kikiwa karibu na ubavu, unyooshe kiwiko na kukikunja. Kama ile kano ya kukunja kiwiko iliguswa, mkono mzima, yaani ule usiopasuliwa, ndio ufanye kazi ya kukunja. Kisha kaa wima na uyavute mabapa ya mgongoni kama unayetaka yakutane, taratibu, shikilia sekunde tano, achia. Shingo uigeuze kulia na kushoto, maana silingi huikakamaza.

Zoezi la kuning'iniza huja daktari akiruhusu, kwa wengine siku ya pili, kwa wengine baada ya wiki kadhaa. Shika meza kwa mkono mzima, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie mzito. Sasa yumbisha mwili, si mkono: mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Mkono unafuata tu. Ukiona msuli wa bega umekaza, unauchezesha mwenyewe, na hilo si zoezi tena.

Neno kwa wanaokuuguza

Katika nyumba zetu mgonjwa haachwi peke yake, na wema huu una hatari zake. Asije mkandaji kulivuta bega "liingie vizuri", hata akiwa ni shangazi aliyewakanda wazazi wote wa mtaa. Liko mahali pake. Asije mtu na maji ya moto wala mafuta juu ya kidonda kibichi. Mgonjwa asivutwe kwa mkono huo kumwinua kitandani. Mtie mkono mgongoni au mshike ubavu wa pili. Watu wa nyumbani wana kazi nzuri zaidi ya kufanya, na hiyo iko hatua inayofuata.

Wajue pia dalili zisizongoja tarehe ya kliniki. Homa pamoja na kidonda chekundu, chenye joto au kinachotoa majimaji siku baada ya siku. Mlio wa ghafla begani ukifuatiwa na maumivu makali na mkono kukataa, au bega kubadilika umbo. Vidole kuwa baridi, kufa ganzi upya au kukosa nguvu baada ya dawa ya ganzi kwisha. Shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Hiyo ni dharura ya saa ile ile. Kuhusu kidonda usione haya kurudi hospitali mara mbili kwa jambo lililoonekana dogo. Bega bandia la kwanza kujulikana, lililowekwa Paris mwaka 1893 na daktari Jules-Émile Péan kwa madini ya platinamu na mpira, lilikuja kutolewa baada ya miaka kama miwili kwa sababu ya maambukizi. Dawa zimebadilika tangu wakati huo, lakini vijidudu vikishajenga juu ya chuma, bado mara nyingi dawa ni kurudi tena chumba cha upasuaji.

Wiki ya pili hadi ya sita: mkono unainuliwa, haujiinui

Lengo hapa ni kuzuia bega lisigande. Nguvu zinazotumika ni za mkono mzima, za msaidizi, au za meza. Mkono mgonjwa umelegea. Vipindi vitatu au vinne kwa siku, vya dakika kumi, ni bora kuliko kipindi kimoja cha saa nzima cha kujikomoa.

Kuteleza mezani ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote ya kipindi hiki, kwa kuwa ni gumu kulikosea. Kaa mbele ya meza laini. Weka viganja vyote viwili juu ya kitambaa. Sukuma kitambaa mbele kwa kuinamisha kiwiliwili. Mikono inateleza tu. Ukifika panapovuta, simama hapo, vuta pumzi mara tatu, rudi. Mara kumi.

La pili ni la kulala chali. Shika kifundo cha mkono mgonjwa kwa mkono mzima na uupeleke juu kuelekea dari, kisha kuelekea kichwani hadi pale panapokaza. Wengi huishia digrii 90, yaani mkono ukielekea dari, katika wiki za mwanzo, na kukaribia digrii 120 kufikia wiki ya sita, kama daktari hakuweka kikomo kingine. Hapa ndipo kazi ya mtu wa nyumbani: mkono wake mmoja chini ya kiwiko, mwingine kwenye kifundo, anainua polepole huku anamtazama mgonjwa usoni wala si begani. Uso ukikunjika, asimame. Mgonjwa naye kazi yake ni kuuacha mkono uwe mzito kabisa, jambo ambalo wanaume hasa huliona gumu, wanataka kusaidia.

La tatu ni la kuzungusha kwenda nje. Lala chali, kiwiko kimekunjwa na kimetulia kwenye taulo ubavuni, mkono wa mbele umeelekea dari. Shika mti wa fagio kwa mikono yote miwili na mkono mzima uusukume mti ili mkono mgonjwa ulale kwenda nje. Kikomo cha kawaida ni digrii 20 hadi 30. Usiye na kipimo, tazama saa ya ukutani: kutoka namba 12 hadi namba ya jirani yake ni digrii 30. Hapo ndipo ukomee, hata kama bega linakuambia linaweza kwenda zaidi. Linaweza kweli, kano ndiyo isiyoweza.

Karibu na wiki ya nne au ya tano wengine huruhusiwa kutumia kapi. Kapi dogo la duka la vifaa vya ujenzi, kamba na vipande viwili vya mti vya kushikia, vikafungwa juu ya mlango, vinatosha. Keti ukiupa mlango mgongo. Mkono mzima unavuta chini, mgonjwa unapanda. Anza bila haraka na ushushe bila kuuachia ghafla.

Katika wiki hizi zote usinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai, na hicho chenyewe kiwiko kikiwa mezani. Usijisukume kutoka kitini kwa mkono huo, wala chooni, hasa choo cha kuchuchumaa. Mtafutie mgonjwa kiti cha choo au mtu wa kumshika. Anayesali asali ameketi, mgonjwa ana ruhusa; kusujudu ni kuutwisha mkono uzito wa mwili. Bodaboda na daladala ya kusimama ziache. Breki moja ya ghafla inakufanya udake bomba bila kufikiri.

Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili: mkono unajiinua

Hiki ndicho kipindi chenye kazi nyingi na ndicho kinachoamua mkono utakuwa wa namna gani miaka inayofuata. Daktari akishaona picha ya eksirei na kuridhika, silingi inaondoka; anza kwa kuiacha nyumbani, uivae kwenye msongamano siku chache zaidi ili watu wakupishe.

Mkono uliofungwa wiki sita umesahau kazi. Misuli imesinyaa, na mwili umejifunza njia ya mkato: badala ya kuinua mkono, unainua bega zima kuelekea sikio na kuupinda mgongo. Kwa mbali inaonekana kama maendeleo. Mzee mmoja fundi cherehani alinionyesha kwa furaha jinsi kiganja chake kilivyofika kwenye nyusi. Nikamsimamisha mbele ya kioo, akavua shati. Bega lilikuwa limegusa ndewe ya sikio, na kiwiliwili kimelala upande wa pili. Nikamwekea kidole juu ya bega: "Mzee, panda tena, ila kidole changu kisisogee." Kiganja kikaishia kifuani. "Mwanangu, umenirudisha nyuma," akaniambia. Kile cha kifuani ndicho kilichokuwa chake; kilichozidi alikopeshwa na shingo. Tulianzia hapo kifuani, na kiganja kikarudi kwenye nyusi baadaye, safari hii bega likiwa chini.

Kwa hiyo kioo ni kifaa cha lazima. Namba ya mara ulizoinua haina maana ikiwa bega limepanda. Ishia pale bega linapoanza kutaka kupanda, shikilia, shuka.

Njia ya kuupandisha mkono ni kuanza mahali ambapo uzito wake haukupingi. Utashangaa mahali hapo ni wapi: ukilala chali na mkono ukielekea dari, uzito wote unashuka kwenye kiungo chenyewe, na msuli una kazi ndogo sana. Panda kutoka hapo kwa mpangilio huu.

Lala chali. Upeleke mkono kwenye dari kwa msaada wa mkono mzima. Uachie. Usimamishe wenyewe hadi hesabu ya tano. Ukiweza mara kumi bila kutetemeka sana, anza kuupeleka kuelekea kichwani na kuurudisha kuelekea miguuni, kwa upana wa kiganja kimoja tu. Siku zinavyokwenda, ongeza upana hadi mkono uweze kushuka karibu na paja na kurudi.

Zoezi likishakuwa jepesi, ongeza mto mmoja mgongoni, urudie yote tangu mwanzo. Kisha mito miwili. Kisha egemea kochi. Mwisho ukae wima. Kila mto unaoongeza unaongeza uzito wa mkono, kwa hiyo ni kawaida kurudi nyuma kidogo kila unapopanda ngazi. Kunja kiwiko mwanzoni. Mkono mfupi ni mwepesi. Wenye bega la kugeuzwa wafanye hili kuliko zoezi jingine lolote, kwa kuwa deltoidi ndiyo injini pekee waliyobaki nayo.

Pamoja na hilo, panda ukuta kwa vidole. Simama karibu, vidole vitembee juu ya ukuta, na weka alama ndogo ya penseli pale vinapofika bila bega kupanda. Alama hizo ni ushahidi siku utakapokata tamaa, na siku hiyo huja, mara nyingi karibu na wiki ya kumi.

Ongeza na mazoezi ya kukaza msuli bila kusogeza mkono. Simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kimekaa ubavuni, taulo katikati. Sukuma ukuta kwa nje, kwa robo ya nguvu zako tu, sekunde tano. Kisha sukuma kwa mbele, ngumi ikigusa ukuta. Kusukuma kwa ndani, kuelekea tumboni, kwa mwenye bega la kawaida kungoje ruhusa. Hiyo ni kazi ya kano iliyoshonwa.

Kuhusu maumivu, mimi hutumia kanuni ya kesho yake. Kuvuta na kuuma kidogo wakati wa zoezi ni halali. Yakitulia ndani ya saa moja au mbili, kipimo chako ni sahihi. Ukiamka kesho yake bega bado linawaka, punguza nusu, usiache kabisa. Maji ya moto sasa yanaruhusiwa, kidonda kikiwa kimefunga: taulo la moto dakika kumi kabla ya mazoezi, barafu baada yake.

Kwenye kipindi hiki mkono utumike kwa vitu vyepesi mbele ya mwili na chini ya usawa wa bega: kula, kupiga mswaki, kukunja nguo, kuchambua mchele, kuandika. Kuendesha gari kunategemea silingi kutoka, dawa kali za maumivu kuisha, na wewe kuweza kukata usukani ghafla bila kusita. Kabla ya wiki ya sita usiwaze.

Baada ya miezi mitatu: nguvu

Nunua kwa fundi baiskeli mpira wa ndani wa tairi uliochakaa, ukate kwa urefu, uuoshe. Ufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Huo ndio ukumbi wako wa mazoezi.

Vuta mpira kuja ubavuni huku mabapa yakikutana, kiwiko kisipite nyuma ya mgongo. Geuka, uusukume mbele kama unayepiga ngumi ya polepole. Simama kando, kiwiko ubavuni juu ya taulo, uvute kwenda nje. Geuka upande wa pili, uvute kwenda ndani. Hili la mwisho lianze kwa mpira mlegevu kabisa. Mara kumi hadi kumi na tano, seti mbili au tatu, siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Msuli unaokua unahitaji siku hiyo.

Ukishaweza kuinua mkono wima bila bega kupanda, shika chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo. Kutoka hapo hadi lita moja chukua wiki kadhaa. Sijawahi kuona aliyepoteza bega kwa kwenda polepole katika hatua hii.

Mwenye bega la kugeuzwa ajue jambo moja: maumivu mapya kwenye ncha ya mfupa juu kabisa ya bega, miezi michache baada ya kila kitu kwenda vizuri, yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa uliochoshwa na mvuto wa deltoidi. Simamisha mazoezi ya nguvu, umwone daktari.

Kazi zinarudi kwa zamu. Kufagia na kupika vitu vyepesi hutangulia. Kusonga ugali wa watu wengi, kufua kwa kusugua na kukuna nazi ni kazi za nguvu za mkono wote, zingoje mwezi wa nne au wa tano, na anza na sufuria ndogo. Kusuka nywele za mtu aliyekaa chini yako kunawezekana mapema kuliko kusuka zako mwenyewe. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Si mzigo wa mkono huo tena, si mwaka huu wala mwingine. Gawa maji kwenye madumu madogo. Jembe la kulimia shamba gumu, kuvuta nyavu, kupiga kasia, kupasua kuni na kujitwika mzigo kichwani ni mambo ya kuzungumza na daktari kabla ya kuyarudia, na jibu mara nyingi litakuwa hapana. Hiyo hapana inakinunulia kifaa miaka.

Bega la kawaida likienda vizuri mkono hufika digrii 140 na zaidi. La kugeuzwa, mara nyingi kati ya 120 na 140. Walioanza na mfupa uliovunjika huweza kupata pungufu. Digrii 120 zinakufikisha kwenye rafu ya vyombo na kwenye nywele zako. Maendeleo makubwa huja miezi sita ya kwanza, na madogo huendelea hadi mwaka na kupita, kwa hiyo usikubali mtu akwambie mwezi wa tano kwamba ulipofika ndio mwisho. Picha ya eksirei ya mwaka mmoja usiikose hata kama huumwi. Kifaa kinaweza kulegea bila kukuarifu.

Mkono kwenda nyuma ya mgongo ndio unaorudi wa mwisho, na kwa bega la kugeuzwa wakati mwingine haurudi wote. Usiulazimishe kwa kuvuta taulo kwa mkono wa pili mgongoni kabla ya miezi mitatu, na baada ya hapo kwa ruhusa tu. Mwezi wa sita ukifika na kiganja bado kinaishia kwenye nyonga, badilisha mambo yanayouzunguka mkono: sidiria ya kufunga mbele, mkanda uingizwe kwenye suruali kabla hujaivaa, chooni mkono wa pili au kopo lenye mdomo mrefu, pochi ihamie mfuko wa mbele.